Kwa nini mto mkavu hung'oa reli pale Gulwe

Ukishuka stesheni ya Gulwe mwezi wa Septemba na kuuliza mto uko wapi, utaonyeshwa mchanga. Mchanga mpana, mweupe, wenye nyayo za ng'ombe na mbuzi. Hapa na pale kuna shimo lililochimbwa kwa mkono, na ndani yake maji kidogo ya kuchota kwa kata. Huo ndio mto Kinyasungwe wakati wa kiangazi.

Rudi mwezi wa Januari, baada ya mvua mbili tatu kubwa za huko juu Chamwino na Dodoma, utakuta kitu kingine kabisa. Maji ya rangi ya udongo yanapita kwa kelele, yamebeba magogo na vichaka vizima. Safari za treni zinaweza kusimamishwa, na abiria wa Tabora, Kigoma na Mwanza wakalazimika kusubiri au kutafuta basi.

Wasikilizaji wengi hutuuliza swali hilo kila mvua zinapoanza: inakuwaje mto usio na maji miezi mingi ya mwaka ndio unaoisumbua reli ya kati kuliko mito inayotiririka mwaka mzima? Na kwa nini kila inapotengenezwa huharibika tena karibu mahali palepale, kati ya Gulwe, Godegode, Kidete na Kilosa? Jibu fupi ni kwamba maji ni nusu tu ya tatizo. Nusu nyingine ni udongo, na udongo huo unatoka mashambani kwetu.

Gulwe iko wapi, na mto unatoka wapi

Gulwe ni kijiji, na pia ni jina la kata, katika Wilaya ya Mpwapwa, Mkoa wa Dodoma. Mji wa Mpwapwa hauko mbali, ni safari fupi ya barabara kutoka stesheni. Wenyeji ni Wagogo kwa wingi, na Wakaguru wapo pia maana milima yao iko jirani. Kazi ni zile tunazozijua ukanda huu: mtama, uwele, mahindi mvua zikikubali, karanga, alizeti, na mifugo.

Mto Kinyasungwe unaanzia kwenye uwanda wa juu wa Dodoma. Makorongo mengi madogo yanakusanyika, likiwemo lile lenye Bwawa la Hombolo, na yote yanaelekea kusini-mashariki. Mto unapita Gulwe na Godegode, unaingia kwenye bonde jembamba kati ya milima ya Ukaguru upande wa kaskazini na milima ya Rubeho upande wa kusini, kisha unatokea Kilosa. Huko watu wanauita Mkondoa. Kutoka hapo maji yake yanaingia mto Wami na kuishia Bahari ya Hindi. Kwa hiyo maji ya mvua iliyonyesha kwenye paa la nyumba ya Chamwino yanaweza kufika baharini, lakini lazima kwanza yapite mbele ya stesheni ya Gulwe.

Kwa nini reli ikapita mtoni

Ukitazama ramani utaona reli na mto vimeshikamana kuanzia Kilosa hadi kupita Gulwe. Mtu anaweza kuwalaumu Wajerumani waliojenga, lakini hawakuwa na njia nyingi za kuchagua.

Kilosa iko kwenye mita karibu 500 juu ya usawa wa bahari. Dodoma iko kwenye mita zaidi ya 1,100. Gari linaweza kupanda mlima kwa kona na gia nzito; treni haiwezi. Magurudumu ya chuma juu ya reli ya chuma hayana mshiko wa kupanda mteremko mkali, hasa ikiwa kichwa kinavuta mabehewa mengi. Mtandazaji wa reli hutafuta mahali ambapo mlima umeshakatwa na kitu kingine, na kitu hicho ni mto. Maelfu ya miaka mto umechonga njia yenye mwinuko wa taratibu. Isitoshe, vichwa vya treni vya wakati ule vilikuwa vya mvuke na vilihitaji maji kila baada ya mwendo fulani.

Hata kabla ya reli, misafara ya pembe na ya biashara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji iliifuata njia ya eneo hili. Mpwapwa ilikuwa kituo kikubwa cha kupumzika na kujaza maji kabla ya kuingia ukame wa Ugogo. Stanley alipita Mpwapwa mwaka 1871 akielekea kumtafuta Livingstone.

Ujenzi wa reli ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Ilipofika sehemu hii ilifuata bonde la mto, ikauacha mji wa Mpwapwa pembeni. Mji mkongwe wa misafara ukabaki bila reli, na Gulwe, iliyokuwa pembeni, ikawa stesheni ya Mpwapwa. Mzigo wa Mpwapwa ukawa unashukia Gulwe. Kwa hiyo kijiji hiki kama kituo kimezaliwa na reli, na reli imeletwa na mto. Mto ukisumbua, kijiji hakina pa kujificha.

Mvua chache, maji mengi

Ukanda wetu hupata mvua ya milimita kati ya 500 na 600 hivi kwa mwaka. Kwa mtu wa Bukoba hiyo ni mvua ya kuchekwa. Lakini angalia inavyokuja. Inaanza Desemba, au mwisho wa Novemba, na inaisha Aprili, kisha hakuna kitu miezi saba. Na hata ndani ya miezi hiyo mitano hainyeshi kidogo kidogo. Siku kumi jua kali, halafu mvua ya saa moja inayopiga kama mtu anamwaga ndoo.

Mvua ya aina hiyo inakuta ardhi imekauka na kushikamana, haina majani ya kuipokea. Matone makubwa yanapiga udongo mtupu, yanausaga, na vumbi lake laini linaziba vitundu vya juu. Ndani ya dakika chache ardhi inakuwa kama sakafu. Maji hayaingii, yanakimbia. Yanaingia kwenye njia ya ng'ombe, njia inakuwa mfereji, mfereji unakuwa korongo, na makorongo mia yanakutana Kinyasungwe.

Ndiyo maana mafuriko ya Gulwe yanaweza kufika mbingu ikiwa safi. Mvua imenyesha jana jioni umbali wa kilometa nyingi, maji yamesafiri usiku, na asubuhi yanafika mahali ambapo hakujanyesha tone. Mtoto aliyetumwa kuchota maji kwenye shimo la mchangani hana ishara yoyote ya mvua. Hili nitalirudia chini kwa sababu limeua watu katika makorongo ya mkoa huu.

Jaribio la Mpwapwa

Kuna jambo ambalo nadhani kila mkulima wa Dodoma angepaswa kulijua, na wengi hatukulisikia shuleni. Miaka ya 1930, kwenye kituo cha utafiti wa mifugo pale Mpwapwa, watafiti walitenga vipande vya ardhi kwenye mteremko mdogo tu wa nyuzi tatu na nusu. Mteremko huo ni mdogo kiasi kwamba ukitembea huoni kama unapanda. Kila kipande waliweka kitu tofauti juu yake, na chini ya kila kimoja wakajenga mahali pa kukusanya maji na udongo unaotiririka. Wakapima msimu baada ya msimu. Lilikuwa miongoni mwa majaribio ya kwanza ya aina hiyo barani Afrika.

Matokeo ni haya. Kwenye kipande chenye vichaka ambavyo havikulishiwa mifugo, maji yaliyokimbia hayakufika hata asilimia 1 ya mvua yote, na udongo haukuondoka kabisa. Kwenye kipande kilicholimwa nafaka, asilimia 26 ya mvua ilikimbia, ikabeba tani 78 za udongo kwa hekta kwa mwaka. Na kwenye kipande kilichoachwa kitupu, nusu ya mvua yote ilikimbia, ikaondoka na tani 146 kwa hekta.

Tuyageuze kuwa hesabu ya nyumbani. Tani 78 kwa hekta ni kama tani 31 kwa ekari moja. Chukua lori la tani kumi: ni malori matatu ya udongo yanayoondoka kwenye ekari moja ya nafaka kwa mwaka mmoja. Kwenye ekari iliyo tupu ni malori sita. Ukilitandaza lile la tani 146, ni karibu sentimita moja ya udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, kwa mwaka mmoja tu. Na mvua ni ileile, mteremko uleule. Kilichobadilika ni kile kilichofunika ardhi.

Sasa jiulize malori hayo yanakwenda wapi. Udongo mwembamba unaendelea na maji hadi Kilosa na zaidi. Mchanga mzito na kokoto haviwezi kwenda mbali. Mto unapofika mahali pa tambarare na kupunguza mwendo, unavitua, na Gulwe ni mahali pa namna hiyo: makorongo yenye kasi kutoka milimani yanaingia ghafla kwenye bonde pana. Kila msimu mchanga mpya unalala juu ya mchanga wa mwaka jana.

Mchanga unavyoshinda daraja

Daraja la reli linajengwa likiwa na nafasi ya kutosha chini yake kupitisha maji. Mhandisi anapima, anaacha mita kadhaa. Lakini sakafu ya mto ikipanda kidogo kila mwaka, nafasi hiyo inapungua ingawa daraja halijasogea. Baada ya miaka mingi daraja lililokuwa refu linakuwa fupi. Kalavati ndogo chini ya tuta zinaziba kabisa. Mafuriko yanayokuja yanaweza kuwa sawasawa na yale ya zamani, lakini hayana tena pa kupita. Yanapanda juu ya tuta, au yanatafuta upande mwingine.

Hilo la kutafuta upande mwingine ndilo baya zaidi. Mto uliojaa mchanga haukai mahali pamoja. Mwaka huu unapita kushoto, mwaka ujao umehamia kulia, na ukihamia kwenye tuta la reli unalichimba kutoka chini. Udongo na kokoto za tuta vinasombwa, mataruma na vyuma vinabaki vinaning'inia hewani kama ngazi. Wengi mmeziona picha hizo.

Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliikata reli hii. Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yaliyoikumba Kilosa na Mpwapwa yaliondoa maelfu ya watu majumbani mwao na kufunga njia kati ya Kilosa na Dodoma kwa miezi. Januari 2020 yakaja tena, na usafiri wa treni ukasimama. Katikati ya muongo huo, shirika la Japani la JICA lilifanya utafiti maalumu wa kuikinga reli ya kati na mafuriko sehemu hii. Yaani tatizo la korongo letu limefika hadi Tokyo.

Kila reli inapokatika, habari kubwa huwa ni mizigo ya Kongo, Rwanda na Burundi iliyokwama. Ni kweli, hasara hiyo ni kubwa. Lakini kwenye kijiji cha njiani mambo ni mengine. Mama anayeuza chakula, karanga na kuku kwa abiria wa treni hana wateja. Mfanyabiashara wa nafaka hana behewa. Na mto uliohama ukala tuta la reli, mara nyingi umekula na shamba la mtu kabla. Tuta litajengwa upya na serikali. Shamba lililofunikwa na mchanga wa kufika kiunoni halina wa kulijenga, na mwenye shamba huhamia kulima mahali pengine, mara nyingi juu mlimani, kwenye mteremko zaidi. Hapo malori ya udongo yanaongezeka.

Mabwawa nayo

Njia moja ya kuushika mto ni kuujengea bwawa, na bonde hili lina mabwawa. Hombolo na Ikowa yote yalikamilika mwaka 1957. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uswidi walipima mabwawa kadhaa ya Dodoma, likiwemo Ikowa. Walikuta yanajaa tope kwa kasi kiasi kwamba maisha yake yalikuwa ya miongo michache tu. Kule Kidete, chini ya Gulwe, kulikuwa na bwawa lililosaidia kupunguza nguvu ya maji yaendayo Kilosa. Mafuriko yalilibomoa.

Simaanishi mabwawa hayafai. Hombolo inanywesha mifugo na kumwagilia mizabibu hadi leo. Lakini bwawa lililo chini ya mashamba matupu ni mtego wa mchanga, na siku mtego ukijaa unakuwa na mchanga mwingi na hauna nafasi ya maji.

Waliowahi kujaribu juu ya mto

Serikali ililiona hili mapema. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Uswidi. Wazee wa Kondoa wanaukumbuka vizuri, kwa sababu mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka la Kondoa. Ardhi ilifunika. Majani yalirudi, miti ikarudi, hilo halibishaniwi. Lakini mfugaji aliyeambiwa aondoe ng'ombe wake wote hakufurahi, na kwa Mgogo au Mrangi ng'ombe ni benki, ni mahari na ni heshima ya nyumba. Amri ya namna hiyo ni ngumu kuiendeleza msaada ukiisha.

Siku hizi njia inayosikika zaidi Mpwapwa na wilaya jirani ni ya Kisiki Hai, inayoenezwa na taasisi ya LEAD Foundation yenye makao Mpwapwa ikishirikiana na Justdiggit ya Uholanzi. Naipenda kwa sababu haihitaji kununua mche wala kumwagilia. Shamba linalofyekwa kila mwaka lina visiki ambavyo mizizi yake haijafa. Kila mvua vinachipua, na kila mwaka tunavikata tena. Mkulima anachagua kisiki, anabakiza machipukizi machache yaliyonyooka, anapogolea mengine, anakifunga kitambaa ili kila mtu ajue kina mwenyewe, kisha anakilinda na mifugo. Mti uliokwisha kuwa na mizizi mirefu hukua haraka kuliko mche wa kitaluni, na jua la Dodoma haliuui kirahisi.

Pamoja na hayo kuna makinga maji ya nusu duara yanayochimbwa kwenye malisho yaliyokuwa kipara, na yale matuta ya fanya juu yanayokatiza mteremko shambani. Kazi yake ni ileile iliyoonekana Mpwapwa miaka ya 1930: maji yasimame kidogo ili yaingie ardhini.

Reli mpya na mto uleule

Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi tarehe 1 Agosti mwaka huo. Nayo inapita Kilosa, Kidete, Gulwe na Igandu. Sehemu za milima ya Kilosa imepewa mahandaki, na kwenye bonde tuta lake ni refu na madaraja yake ni makubwa kuliko yale ya Wajerumani. Ni sawa kutegemea kwamba itavumilia zaidi. Lakini imejengwa kwenye bonde lilelile, na mchanga unaoshuka haujui reli ipi ni ya zamani na ipi ni ya kisasa. Reli ya zamani nayo bado inabeba mizigo.

Mambo matatu kabla ya mvua

Kwa walio karibu na Kinyasungwe au korongo lolote la mchanga: msimu wa mvua ukianza, usiamini mbingu iliyo juu yako. Sikiliza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu mkoa mzima, na piga simu kwa ndugu walio juu ya mto kuuliza kama kumenyesha. Ukisikia mngurumo kama wa gari kubwa upande wa juu, toka mchangani upande wowote ulio karibu, acha ndoo, acha hata mbuzi. Usivuke maji usiyoona chini yake hata kama jana ulivuka hapohapo. Mchanga umeshahama na pana shimo. Watoto wasiachwe peke yao kwenye visima vya mchangani kuanzia Desemba.

Kwa wenye mashamba ya kando: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Wengi tunaiona kama sheria ya kutunyima shamba la tope zuri. Lakini matete na miti ya kingoni ndiyo inayoshikilia ukingo, na ukiilima yote, shamba la kwanza kuchukuliwa na mto huwa ni hilohilo.

Kwa walio juu, Chamwino, Kongwa na vilimani Mpwapwa: Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya kufyeka na kuandaa mashamba. Kabla hujachoma masalia ya mavuno au kukata kila kisiki, tembea shambani uchague vichache vya kubakiza, na tandaza mabua ya mtama kukatiza mteremko badala ya kuyarundika na kuyatia moto. Maofisa ugani wa kata wanajua kupima mstari wa kontua kwa fremu ya miti mitatu na kamba yenye jiwe. Kazi hiyo huchukua asubuhi moja, na inafaa ifanyike kabla mvua ya kwanza haijapiga.